Andikeni Bei Kamili!

Jamani, nani aliruhusu zile alama mbili za kujumlisha kwenye menyu za migahawa ya Ubud, huku Bali, Indonesia? Unasoma: nasi campur, yaani wali na vitoweo mchanganyiko, 85. Sufuri tatu wameshazikata, kwa hiyo ni rupia 85,000. Unapiga hesabu, unaona inalipika, unaagiza. Kumbe chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kuna ++. Bili inakuja: asilimia 10 ya huduma, halafu asilimia 10 ya kodi juu ya jumla hiyo. Wali wako sasa ni 102,850! Mnashindwa nini kuandika bei yenyewe? Au tuje na kikokotoo mezani?

Na chakula chenyewe je? Wakiona sura ya mgeni tu, pilipili inafichwa. Naomba sambal matah, ile ya vitunguu vibichi, mchaichai, pilipili kali na mafuta ya nazi. Naletewa kijiko kimoja kwenye kisahani, na mhudumu ananitazama kwa huruma. Dada, mimi wa Tanga! Nazi na pilipili nimekulia humo. Huruma ya nini?

Kwenye warung, yaani kimgahawa cha mama, mtaa wa nyuma, unaonyesha kwa kidole, unalipa ulichoambiwa, sambal unajipakulia mpaka pua ichuruzike. Kodi sigombi, ilipwe. Lakini ninyi wenzangu mnaoishi huku, hamjachoka kujumlisha na njaa? Waandike bei kamili, na bakuli la sambal waliache mezani!