Ua la Shavuni

Kila Jumamosi hufundisha kuchora maua kwa rangi za maji, barazani kwangu hapa Mombasa. Wanafunzi saba, mama wanne na watoto watatu, na zile karatasi nzito za gramu 300 ambazo bei yake sipendi kuitaja. Mwalimu mwenye akili angekaa akawatazama. Mie hukaa na fremu ya kudarizi magotini. Rangi huchelewa kukauka, na mikono yangu haijui kukaa bure.

Jumamosi moja namalizia foronya za mpwa wangu. Nyeupe pe, asumini za uzi pembeni, harusi kesho yake.

Somo lilikuwa haibiskasi, yale mekundu ya kwenye ua wa jirani. "Petali tano," nikawaambia. "Si nne, si sita. Hesabuni! Na ukimaliza nyekundu, suuza brashi, kisha ikung'ute."

Sikusema aikung'utie wapi.

Mtoto wa jirani, miaka 8, kusuuza alisahau. Kukung'uta alikumbuka. Matone yakatua katikati ya foronya. Nikasugua kwa kitambaa kibichi, na matone yakawa doa moja la waridi, pana kama kisahani cha kikombe. Basi nikashika brashi, nikaligeuza doa kuwa haibiskasi. Lilitoka zuri, wallahi. Mama wakanisifu, nami nikajisifu, kisha nikalipiga pasi mara tatu kama kwamba pasi ni mhuri.

Na asubuhi ileile, kwa mdomo wangu huuhuu, nilikuwa nimewafundisha: rangi ya maji hata ikauke mwaka mzima, gundi yake ikiguswa na maji huyeyuka, rangi ikaamka.

Usiku wa harusi stima zikapotea. Feni ikanyamaza. Joto la kaskazi mwalijua.

Asubuhi tumekaa mkekani, mahamri na mbaazi mbele yetu, bwana harusi akatoka. Kanzu imenyooka, kofia imekaa sawa, na shavu la kulia limechanua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba," nikaitika, macho kwenye teko.

Kimya. Wazee wote wakagundua kwamba chai ina kitu cha kutazamwa ndani yake. Wifi yangu akanifinya paja. Bibi, ambaye macho yake si mazuri lakini sauti anayo, akauliza huyu kaumwa na mdudu gani, na je, biharusi yu salama?

Nilikuwa nimeshaanza kumtaja mbu, mbu mkubwa, mara yule mtoto wa jirani akaingia na mama yake kurudisha sinia. Akasimama mbele ya bwana harusi, akainua kidole.

"Moja... mbili... tatu... nne..." Akainama, akachungulia. "Mwalimu! Ya tano imeingia sikioni!"