"Gari inaondoka sasa hivi"

Jumamosi ndiyo siku pekee mimi na mume wangu tunapumzika pamoja. Safari hii tulipanga kwenda Ziwa Ngozi, lile lililo juu mlimani ndani ya kreta, yaani shimo la volkano: saa 12 asubuhi tuko stendi hapa Mbeya, chupa ya chai mkononi, tushuke Isongole, tupande msituni kabla ukungu haujafunga. Konda akaapa, "Dada, bado wawili tu, gari inaondoka sasa hivi!" Ndani kweli kumejaa. Tukalipa, tukakaa.

Wawili wakashuka. Kisha wanne. Kumbe ni wapiga debe, wamekalia siti ili gari lionekane limejaa! Hili linaniuma kuliko hata kuchelewa. Kwa nini mtu adanganywe na nauli kashatoa? Na baridi ile ya Mbeya, dereva anawasha gari, anasogea kidogo, anarudi palepale. Tuliondoka saa 3 na nusu.

Tulipofika juu, kwenye ukingo wa kreta, ukungu ulikuwa umetanda kote. Ziwa hatukuliona. Mume wangu akanifunika kitenge, tukanywa chai iliyopoa.

Makonda, semeni ukweli jamani: "Tunasubiri abiria kumi." Tutaamua wenyewe kama tunapanda.