Mshipa wa moyo wa njiti: tumpe dawa au tumwangalie?

Umevuka kutoka Ukerewe, njiti wako hajafika hata kilo moja, kifua kinabonyea kila anapovuta hewa, halafu daktari anakwambia mshipa wa moyo haujafunga ila dawa ya kuufunga hawampi, "tumwangalie kwanza". Ndugu wengi hapo husikia kwamba dawa hakuna, au mtoto ameshakatiwa tamaa.

Wanaotaka dawa itolewe mapema hawasemi ovyo. Mshipa huo, unaounganisha aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) na mshipa wa mapafu tangu tumboni, ukibaki wazi damu hufurika mapafuni na matumbo na figo hupungukiwa. Indomethasini imekuwa ikiufunga tangu 1976, baadaye zikaja ibuprofeni na parasetamo. Utafiti mkubwa wa 2001 ulionyesha kwamba indomethasini ya kinga, yaani iliyotolewa kabla mshipa haujaleta shida, ilishusha damu nyingi kuvuja ubongoni kutoka asilimia 13 hadi 9. Hoja nzito hiyo, ingawa walipofika miezi 18, waliokufa au kubaki na ulemavu walikuwa karibu sawa: asilimia 47 ya waliopewa dawa, 46 ya wasiopewa.

Kinachonifanya niwatetee wanaosubiri ni utafiti wa Uingereza uliotoka 2024. Watoto 653 waliozaliwa mimba ikiwa na wiki 23 hadi 28, wote mshipa ukiwa mpana, nusu walipewa ibuprofeni mapema na nusu dawa bandia, yaani isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu. Waliokufa au kupata ugonjwa sugu wa mapafu: asilimia 69.2 upande wa ibuprofeni, 63.5 upande wa bandia. Pengo hilo halitoshi kusema dawa inadhuru. Lakini kama kuufunga mshipa mapema ndiko kunakookoa, namba ilipaswa kushuka, na haikushuka. Utaambiwa baadhi ya waliopewa bandia walikuja kutibiwa baadaye. Kweli, karibu 3 kati ya 10. Hao 7 waliobaki je? Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Uholanzi, Ubelgiji na Denmark ulikuwa umekuta asilimia 46.3 ya waliosubiriwa wakifa au kupata madhara makubwa ya mapafu au matumbo, dhidi ya 63.5 ya waliopewa ibuprofeni.

Parasetamo inauzwa kila duka la dawa Igoma na Nyakato, kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza ubaya wake. Kwa njiti ni dozi za siku kadhaa kwenye ini ambalo halijakomaa. Ibuprofeni nayo hugusa figo na matumbo.

Ila kusubiri kwa Ulaya kuna mashine na muuguzi pembeni. Huku Kanda ya Ziwa, kusubiri bila eko (kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti) ya kurudia, bila kupima oksijeni, bila kuchunga maji anayopewa mtoto, ni kumwacha tu, na hapo wenye dawa wananishinda. Kangaruu, yaani mtoto kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, angalau tunaimudu: katika utafiti wa 2021 ulioihusisha Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulishusha vifo vya siku 28 kutoka asilimia 15.7 hadi 12. Kwa walio chini ya kilo utafiti ule haukusema kitu.

Kwa hiyo mama, ukiambiwa "tumwangalie", usigombee dawa. Uliza eko inarudiwa lini, na mtoto akionyesha dalili gani ndipo wataanza kumtibu.