Mama anayewahi kwa kadhi

Mwanamke akifungua shauri la nafaka, yaani la kumdai baba matumizi ya watoto, katika Mahakama ya Kadhi, iwe Chake Chake au Unguja mjini, eda yake ya talaka haijapoa, mtaa humwita mkomoaji. Angesubiri, wanamwambia. Baba wa watoto ni baba, atakumbuka. Ushauri huu hutolewa na watu wema, tena mara nyingi na wanawake wenzake, na mimi nauona ndio wenye hasara kubwa kuliko wote anaopewa.

Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata walio wengi visiwani, nafaka ya mke na ya mtoto haziendi sawa zikishapitwa na wakati. Ya mke isipotolewa hubaki deni shingoni mwa mume. Ya mtoto ikipita siku yake huanguka. Haiwi deni ila kadhi awe ameshaikadiria na kuiamrisha, au ameruhusu kukopa kwa dhima ya baba. Hoja ya wanazuoni ni kwamba nafaka hiyo imewekwa kuondoa haja, na haja ya jana imeshapita, mtoto alikula.

Alikula, sawa. Kwa nani? Kwa mama aliyeshinda baharini kwenye mwani, kwa bibi yake mzaa mama, kwa daftari la mkopo dukani. Chukulia shilingi 60,000 kwa mwezi, kiwango kisichotosha hata mchele na nauli ya skuli. Miaka mitatu ya "mwache, atakumbuka" ni shilingi 2,160,000. Kwa msingi huo wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, mama aliyenyamaza muda wote huo kwa kuona haya anapofika mahakamani huanza kuhesabiwa tokea hapo. Ya nyuma ameshayabeba yeye. Jirani yake aliyeitwa mkomoaji, aliyekwenda mwezi wa kwanza, ana amri mkononi. Sioni nani kati yao alimtendea mtoto wema zaidi.

Wanaume nao wana lao, na baadhi yake ni la kweli. Mvuvi wa Pemba aliyekwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali na kwao, anaweza kukaa wiki nyingi bila ya kushika pesa ya maana. Mwenye mikarafuu hupata kwa msimu. Kiwango cha kila mwezi kinamfanya mkosaji katika miezi ambayo hata yeye anakula kwa mama yake. Wapo pia wanaotoa kwa mkono, polo la mchele, sare, pesa ya chuo cha Kurani, na siku ya shauri hakuna kilichoandikwa, ikawa kama hawakutoa. Malalamiko haya ni ya haki.

Lile la kwamba mtalaka ameshaolewa, kwa hivyo pesa italisha nyumba ya mwanamume mwengine, halina uzito. Nafaka ni ya mtoto, na ubaba hauishi kwa mama kuposwa. Wala kitisho cha "ukinidai namchukua mwanangu" hakina nguvu wanayoidhania wengi. Ni kweli, kwa fiqhi, mama akiolewa na mtu asiyehusiana na mtoto, hadhana, yaani haki ya kukaa na mtoto na kumlea, humtoka. Lakini kabla ya kufika kwa baba hupitia kwa mama yake mama. Akishafika umri wa kupambanua, kiasi cha miaka 7, mtoto mwenyewe huulizwa anataka kukaa na nani. Na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 imetanguliza maslahi ya mtoto, siyo hasira za waliomzaa.

Suluhu kwa sheha, kiongozi wa mtaa, au kwa wazee ni njia nzuri wakati baba yupo na anatoa. Asipotoa, maneno ya barazani hayana pa kushikwa.

Kwa mvuvi na mwenye mikarafuu, mlango upo. Aya ya 7 ya Suratut Talaq inamtaka mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe katika alichopewa. Anaweza kumweleza kadhi mapato yake yanavyokuja, akaomba kutoa kingi wakati wa msimu na kidogo miezi ya ukavu, na kila polo la mchele likaandikwa. Maombi hayo hufanywa mbele ya kadhi, baba mwenyewe awepo, kabla hajapanda chombo kwenda dago na simu akaizima.