Bunduki na polisi wa Marekani: hoja tunazozirudia bila kuzipima

Kila kukitokea mauaji ya risasi huku Marekani, simu yangu hujaa jumbe za sauti kutoka Mombasa. Mama mdogo ataniuliza kama tu wazima. Kaka yangu hukumu yake huwa iko tayari: Wamarekani hawachapi watoto, wamemtoa Mungu shuleni, sasa wanavuna walichopanda. Na hapa jimboni Minnesota kwenyewe, tukikutana Wakenya kwenye mchango wa msiba au karamu ya harusi, nasikia maneno hayo hayo kutoka kwa watu waliotangulia kuja kunishinda mimi. Mazungumzo yakihamia kwa polisi, hukumu huwa fupi zaidi: vijana weusi wa huku hawana adabu, wakiamriwa hawatii.

Sikubaliani na hoja hizi, na nataka kueleza kwa nini, maana zinatufanya tuwaogope majirani wasio na kosa na kuwaacha watoto wetu bila kujua hatari iko wapi.

Nianze na hii ya Mungu. Tarehe 17 Juni 2015, watu 9 waliuawa katika kanisa la Emanuel, mjini Charleston, South Carolina. Walikuwa kwenye darasa la Biblia, na kijana aliyewaua walimkaribisha wenyewe akaketi nao. Novemba 2017 yakatokea mauaji makubwa zaidi kwenye kanisa dogo la Sutherland Springs, Texas, wakati wa ibada ya Jumapili. Agosti 2025, hapa Minneapolis, watoto wa shule ya Annunciation walimiminiwa risasi wakiwa kwenye misa, wawili wakafa. Wamarekani wanasali kuliko Waingereza na kuliko Wajapani, tena kwa mbali. Kama kupungua kwa sala ndiyo sababu, Japani ingekuwa machinjioni. Badala yake ni miongoni mwa nchi ambazo watu wanaouawa kwa bunduki ni wachache kabisa duniani.

Hoja ya malezi nayo haisimami. Watoto wa Kanada, ng'ambo tu ya mpaka wetu huku kaskazini, wanatazama sinema zile zile, wanacheza michezo ile ile ya kompyuta, na wazazi wao wengi hawawachapi. Wagonjwa wa akili wako kila nchi. Kinachoitenga Marekani ni wingi wa silaha. Mwaka 2018 taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kwamba raia wa Marekani wanamiliki bunduki milioni 393. Hizo ni nyingi kuliko watu wenyewe. Kwetu Kenya, kwa makadirio hayo hayo, hazifiki bunduki 2 kwa kila watu 100.

Hebu fikirini tofauti hiyo inavyofanya kazi katika siku ya kawaida. Pale soko la Kongowea, Mombasa, wenye mikokoteni wawili wakigombania nafasi, watatukanana mpaka mama zao wasiokuwepo, pengine watashikana mashati, na wapita njia watawaamua. Kesho yake wako pale pale wanauza. Hasira ya huku ni ile ile, lakini mmoja ana bastola chini ya kiti cha gari, na mwingine anashuku kwamba mwenzake anayo, kwa hiyo hakuna anayetaka kuwa wa pili. Kinachoua hapo ni urahisi wa chombo kilicho karibu na mkono katika zile dakika mbili ambazo binadamu yeyote anaweza kupoteza akili.

Na kuna upande ambao watu wa nyumbani hawauoni kabisa, kwa sababu hauingii kwenye habari. Mwaka 2021 waliokufa kwa bunduki Marekani walikuwa 48,830, na zaidi ya nusu yao walijiua. Mimi kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Wengi ni wajane, watoto wako majimbo ya mbali, baridi ya Januari huwafungia ndani wiki nzima bila kusikia hodi. Na karibu kila nyumba ya shamba ninayoingia ina bunduki kabatini. Upweke wa namna hii kwetu ni nadra, ila huzuni tunayo, tena tele. Mtu akilemewa usiku, kinachomwokoa mara nyingi ni kwamba njia ya kujidhuru haiko karibu, saa ile inapita, kunakucha, jirani anabisha. Waliookolewa wakati kama ule, wengi wao huishi maisha yao na kufa kwa sababu nyingine miaka mingi baadaye. Bunduki haimpi mtu nafasi hiyo. Nikisikia ndugu zangu wakisema mauaji ya risasi ni mambo ya magenge ya Chicago, nawafikiria wazee wangu wa mashambani, wazungu, waumini, waliolea watoto wao kwa nidhamu.

Niwatendee haki pia. Wengi wa watu hawa wana bunduki kama sisi tulivyo na panga nyuma ya mlango. Novemba ikifika wanakwenda kuwinda paa, baba na watoto, na nyama wanagawana na majirani. Mzee mmoja alinionyesha bunduki aliyoachiwa na babu yake, kwa heshima kabisa. Kwa hiyo anayeniuliza kwa nini serikali isipige marufuku tu, hajui anauliza nini. Haki ya kumiliki silaha imo katika Katiba yao tangu 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba ni haki ya mtu mmoja mmoja kuweka bunduki nyumbani kwake kwa kujilinda. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaipanua hadi kubeba hadharani, na kutaka kila sheria ya kudhibiti silaha ilingane na desturi za kale za nchi. Hata hivyo yapo yanayowezekana. Minnesota mwaka 2023 ilipitisha sheria ya kuchunguza historia ya mnunuzi hata katika mauzo mengi ya mtu kwa mtu, na nyingine inayomruhusu jaji kuamuru silaha ziondolewe kwa muda kwa mtu anayeonyesha dalili za kujidhuru au kudhuru wenzake. Mimi naziunga mkono zote mbili.

Sasa polisi. Wingi wa bunduki unaeleza sehemu ya tatizo, tena sehemu kubwa. Askari wa huku akilisogelea gari, anafundishwa kuamini kwamba ndani kunaweza kuwa na silaha, na mara nyingi kweli ipo. Polisi wa Marekani wanaua kwa risasi watu wapatao elfu moja kila mwaka, hesabu ambayo gazeti la Washington Post lilianza kuifuatilia mwaka 2015. Lakini hebu tuipime ile kauli kwamba anayetii haguswi. Julai 2016, Falcon Heights, kitongoji cha hapa kwetu, alisimamishwa Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni wa shule ya watoto. Alimwambia askari kwa upole kwamba ana bunduki, na kibali alikuwa nacho. Akapigwa risasi akiwa amefunga mkanda, mchumba wake pembeni, mtoto mdogo kiti cha nyuma. Askari alishtakiwa, na mwaka uliofuata jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani likamwachilia. Castile alitumia haki ambayo Katiba inampa kila Mmarekani, akasema ukweli, akafa.

Kisa kinachonikosesha usingizi zaidi ni cha Patrick Lyoya, kwa sababu ni mtu wetu. Familia yake ilikimbia vita vya Kongo ikapokewa Michigan mwaka 2014. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, mjini Grand Rapids, askari alimsimamisha kwa sababu nambari hazikulingana na gari. Patrick, mwenye miaka 26, akafungua mlango akatoka nje.

Hapo ndipo napataka mpatazame. Kwetu ukisimamishwa na trafiki Mtwapa au Mariakani, kushuka ni heshima. Unateremka, unamwamkia afande, mnasogea nyuma ya gari mnazungumza, na kila mtu anajua mazungumzo hayo huishia wapi. Kukaa ndani ukimtazama kupitia dirishani ni kiburi. Huku ni kinyume kabisa: anayeshuka bila kuambiwa anaonekana anakuja kupigana au anataka kukimbia. Askari akamfokea arudi ndani. Akamwuliza kama anajua Kiingereza, akadai leseni. Patrick akasita, akaanza kuondoka, wakashikana, wakang'ang'ania teza, kile chombo cha kumpiga mtu shoti ya umeme. Mwisho Patrick alikuwa amelala kifudifudi, askari juu ya mgongo wake, na ndipo akapigwa risasi moja nyuma ya kichwa.

Kweli, uchunguzi ulionyesha kwamba alikuwa amelewa sana. Kweli, alikataa kushikwa. Kwa hayo alistahili pingu, mahakama, faini, hata jela. Baba yake alizungumza na waandishi kupitia mkalimani, mzee aliyetoa watoto wake vitani akidhani amewafikisha salama. Kesi ya askari huyo ilisikilizwa mwaka 2025, jopo likashindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua hatairudia.

Hapa ndipo ndugu zangu wa nyumbani hunikatiza: basi rudi kwetu, raia hawana bunduki. Nawajibu kwamba hapo hapo ndipo hoja ya bunduki inapofika mwisho wake. Machi 2020, wakati wa kafyu ya korona, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, Nairobi. Alikuwa na silaha gani? Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha wakiwa na simu na bendera mkononi, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu waliouawa kwa makumi. Nani kati yao alimtisha askari kwa bunduki? Polisi wa Kenya hawawezi kusema kwamba wanaua kwa kuwa kila gari lina bastola.

Kinachofanana pande zote mbili ni kwamba askari anapofyatua risasi, anajua uwezekano wa kujibu mahakamani ni mdogo. Marekani, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Graham dhidi ya Connor ya mwaka 1989, kitendo chake hupimwa kwa jinsi ambavyo askari mwenye busara angeiona hali katika dakika ile, na akisema aliogopa, mara nyingi inatosha. Kenya tuna IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuwachunguza polisi, na tunajua wenyewe ni kesi ngapi zinafika mwisho. Hata taarifa za kwanza zinafanana. George Floyd alipouawa na askari Minneapolis Mei 2020, polisi walitangaza kwamba mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya. Kama msichana wa miaka 17 asingerekodi kwa simu, taarifa hiyo ndiyo ingebaki. Wakazi wa mtaa wa Mathare, Nairobi, wameisoma taarifa ya aina hiyo mara nyingi: mshukiwa wa ujambazi, bastola ya kienyeji imepatikana.

Na jambo hili linarudi kulisha lile la kwanza, la bunduki. Katika mitaa ambako polisi wanaogopwa, mashahidi hawasemi. Marekani, mauaji mengi hayapati mshtakiwa. Kijana aliyeuliwa ndugu yake, akaona muuaji anapita mtaani mchana, hutafuta bunduki, na huku hahitaji kuitafuta mbali. Wanaosema vijana hao ni wabaya kwa asili wangetazama kwanza mitaa yenyewe: mingi ni ile ambayo ramani za mikopo ya nyumba za miaka ya 1930 ziliipaka rangi nyekundu kwa sababu wakazi wake walikuwa weusi, na benki zikaikwepa kwa miongo kadhaa.

Kuna mawili nayadai kwetu sisi tulio huku. Misikiti na makanisa yetu yanawapokea wageni kila mwezi, tunawafundisha kupanga nyumba, kupata leseni, kujaza kodi. Tuwafundishe na hili, kwa Kiswahili na Kilingala: usishuke garini, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani, sema kabla ya kugusa mfuko. Mwanangu nimemfundisha hivyo kabla hajakaa kwenye usukani. Najua kwamba Castile alikuwa mtulivu na bado akafa, lakini siwezi kumwacha mtoto aende bila kinga hata hiyo ndogo.

La pili ni la kura. Mwaka 2022 tuliona Wakenya wakisafiri kutoka majimbo ya mbali kwenda kumpigia kura rais wa Nairobi. Wengi wa jamii yetu sasa ni raia wa Marekani, na huku anayeamua kama askari atashtakiwa ni mwendesha mashtaka wa kaunti, ambaye kwetu Hennepin, kaunti yenye mji wa Minneapolis, huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka 4. Nyumbani mkurugenzi wa mashtaka huteuliwa; huyu wa huku tunaweza kumweka na kumwondoa wenyewe. Tukikutana kwenye mchango ujao, kabla ya kuanza kuwahukumu watoto wa watu, nitauliza ni wangapi kati yetu wanamjua kwa jina, na ni wangapi walipiga kura alipochaguliwa.