Redio ya mawimbi mafupi Aktiki ilimfaa nani?

Kati ya 1947 na 1950, Kanada na Marekani zilijenga kwa pamoja vituo vitano vya hali ya hewa kwenye visiwa vya kaskazini kabisa mwa Kanada: Eureka, Resolute, Isachsen, Mould Bay na Alert. Vile vidogo vilikaliwa na watu wapatao wanane. Ndege ikishaondoka, kilichobaki kuwaunganisha na dunia ni redio ya mawimbi mafupi, simu ya upepo kama wazee wetu walivyoiita. Je, ilikuwa busara kuitegemea kiasi hicho?

Wanaoitetea wana hoja nzito. Mawimbi marefu yalistahimili zaidi misukosuko ya anga la huko, lakini yalidai milingoti mikubwa na umeme mwingi, na kila pipa la mafuta lilitoka mbali. Mawimbi mafupi yalifika mbali kwa mtambo mdogo. Tena mzigo wenyewe ulikuwa mwepesi: joto, kanieneo, upepo na vipimo vya puto viligeuzwa kuwa mafungu ya tarakimu tano tano. Sikio lililozoea Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, huyanasa mafungu hayo katikati ya kelele ambamo maneno ya mtu yangepotea. Ripoti moja ikikosekana, mchora ramani ya hali ya hewa huacha pengo na kusubiri ijayo.

Hapo ndipo ninapositasita, kwa sababu mgonjwa wa kidole tumbo hasubiri. Aliyewahi kutegea redio ya mawimbi mafupi usiku anajua jinsi sauti inavyokuja na kuzama; kule iliweza kuzama kwa siku kadhaa. Jua likilipuka, chembe zake huelekezwa na usumaku wa dunia hadi kwenye ncha, zikavuruga sehemu ya chini ya tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi ya redio, nayo ikayameza mawimbi. Mlipuko wa Februari 23, 1956 ndio uliowafumbua macho wanasayansi kuhusu jambo hilo. Kituo cha kwanza kilikuwa tayari kina watu kwa karibu miaka tisa.

Kwa hiyo naona redio ile iliitumikia ramani vizuri kuliko ilivyowalinda walioilisha takwimu. Lakini sina moyo wa kuilaani. Mawimbi hayo hayo yalibeba sauti za nyumbani: mpenzi wa redio mwenye mtambo wake huko kusini aliyajibu, akayaunganisha na simu ya kawaida, na mke akazungumza na mumewe aliye Aktiki, kila mmoja akitaja kwamba amemaliza ndipo mwenzake ajibu.