Ano Syros mmeipita tu jamani
Mwandishi wa makala yenu kaisifia Ermoupoli ya kisiwa cha Syros, Ugiriki, sawa, mji mzuri, ila mtaa wa juu kilimani, Ano Syros, kaupa sentensi moja tu, imeniuma kweli. Ule ndo mji wenyewe wa zamani, ulianza karne ya 13 enzi za watawala wa Venice, Ermoupoli imekuja miaka ya 1820 na wakimbizi wa vita. Huko juu gari haziingii, ni ngazi na vichochoro, vingine vinapita chini ya nyumba za watu kabisa, unapanda weee mpaka kanisa la Wakatoliki la Mtakatifu George. Na Markos Vamvakaris, yule mwanamuziki wa rebetiko, muziki wa mtaani wa Kigiriki, kazaliwa hukohuko 1905! Naomba wapaache na ukimya wake hivohivo, wasije wakapajaza mahoteli.